Mkono Katika Picha ya Pili

Barua ya kukataa makala ina aya tatu. Ya kwanza inashukuru. Ya pili inasifu kidogo, kisha inageuka katikati ya sentensi kwa maneno "hata hivyo". Ya tatu inamtakia mwandishi heri kwingineko. Niliitunga mimi mwenyewe miaka mingi iliyopita, nikaiweka kwenye mfumo wa jarida letu, na tangu hapo kompyuta huituma yenyewe kila tunapokataa kazi ya mtu. Chini yake kuna jina langu na cheo changu: mhariri mtendaji. Sijawahi kukutana na mtu aliyeipokea, isipokuwa mmoja. Wengine hawajibu, na siwalaumu, kwa sababu hata mimi nisingeijibu.

Jarida ni la utafiti wa saratani. Linasomwa katika nchi nyingi na linaendeshwa kutoka chumba cha pili cha nyumba ya kupanga mjini Voi, ng'ambo ya reli. Watu wakisikia jarida la kimataifa hufikiria ghorofa na walinzi mlangoni. Mimi nina meza moja, feni moja, birika la chai na dirisha linaloingiza vumbi jekundu hata likifungwa. Naibu mhariri yuko nchi ya baridi, tunaonana kwenye skrini mara moja kwa mwezi. Wahakiki, yaani wataalamu wanaosoma kila makala na kutuambia kama inafaa, ni watu wa siri. Majina yao nayajua mimi, na sheria ya kazi inasema nisiyataje. Makala nayo ni siri mpaka siku itakapotoka. Kwa hiyo nimeishi miaka yangu bora nikijua mambo mengi ya watu wengi bila kuruhusiwa kumwambia mtu yeyote hata moja.

Sikuwa na wa kumwambia vilevile. Mke wangu wa zamani alirudi kwao bila ugomvi mkubwa. Alisema amechoka kula na mtu anayesoma. Watoto hatukujaliwa. Mwenye nyumba wangu, mama wa Kiislamu aliyezaliwa Mombasa na kuolewa Voi, hupita kila asubuhi na sahani ya mahamri, anasimama mlangoni na kuuliza, "Baba, wamaliza lini hicho kitabu?" Nilimweleza mara mbili kwamba si kitabu. Mara ya tatu nikamwambia karibu namaliza. Nilikuwa mpweke, nalisema hivyo hivyo, na nilikuwa nimejifundisha kuuita upweke huo utulivu wa kazi.

Makala ninayotaka kuieleza ilifika Jumanne asubuhi. Ilikuwa ripoti ya mgonjwa mmoja, iliyoandikwa na daktari wa hospitali moja ya pwani pamoja na wenzake wawili. Wahariri wengi huzidharau ripoti za namna hii, maana hazina hesabu kubwa wala majedwali. Mimi nazipenda kwa sababu ndani yake kuna mtu. Unasoma kwamba alianza kukohoa wakati wa kuvuna, kwamba alikuja hospitalini na jirani, kwamba alikataa kulazwa hadi mbuzi wapate mchungaji. Hayo huyakuti kwenye makala za wakubwa.

Kazi yangu ya kwanza kwa kila makala ni ya karani. Naangalia kama majina yapo, kama kibali kipo, kama mgonjwa ameridhia kwa maandishi, na kama kuna kitu kwenye picha kinachoweza kumtambulisha. Mgonjwa wa makala hii alikuwa mwanamke mkulima wa miaka sitini na moja, kutoka sehemu kavu ya kusini mashariki mwa Kenya. Alikuwa na saratani ya umio, ile njia ya chakula, na kabla ya kushindwa kumeza, ngozi ya viganja vyake ilikuwa imenenepa na kufanya mikunjo. Hutokea mara chache kwa wagonjwa wa saratani za ndani, na ndiyo sababu daktari aliona inafaa kuandikwa. Picha ya kwanza ilikuwa ya umio. Picha ya pili ilikuwa ya mikono miwili iliyolazwa juu ya kitambaa cha kijani, viganja juu.

Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vinne na nusu. Kidole cha pete kilikatikia kwenye kiungo cha kati, na kutoka hapo kovu lilishuka kwa mshazari hadi chini ya kidole gumba. Nilijua kovu lile linaishia wapi kabla macho yangu hayajafika.

Mkono ule niliukata mimi. Nilikuwa na miaka saba, dada yangu kumi na miwili, nyumbani Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, mama alikuwa amekwenda kuteka maji, na sisi tuliachiwa kuni. Yeye alishika gogo, mimi nikashika panga kwa sababu nililia hadi akanipa. Pigo la tatu lilikwenda kombo. Sikumbuki damu, nakumbuka kwamba hakupiga kelele. Alikaa chini, akaufunga mkono kwa leso yake, akaniambia niweke panga mahali pake.

Mama aliporudi na dada akatoka zahanati na bandeji, jua lilikuwa bado halijazama. Kabla ya chakula mama alituweka uani, mimi mbele, dada akiwa ameshika kikombe cha maji. Kwetu hasira si jambo la moyoni la kupita tu. Ni kitu kinachokaa ndani ya mtu, na kinaweza kumletea balaa yule anayekasirikiwa hata kama mwenye hasira hataki. Hakuna awezaye kuitoa ila mwenyewe. Anajaza maji kinywani, anayapuliza nje, anasema kwamba kama alikuwa na hasira na huyu, itoke, na huyu awe salama. Kwa lugha yetu, Kidawida, tunaita kutasa. Makanisa hayakulipenda jambo hilo, na watu wetu wakajifunza kulifanya kwa maji matupu badala ya pombe, kimya kimya, kisha Jumapili wanakwenda kanisani. Dada alijaza maji akiwa anatetemeka kwa maumivu, akanipulizia, akasema maneno. Kisha akaniambia, "Sasa acha kulia, unaniumiza kichwa." Kwa miaka yote iliyofuata hakukitaja kidole kile hata mara moja, hata tulipogombana.

Dada yangu sasa amelala kaburini, pembeni ya mama, na kabla ya hapo aliniruhusu niyaseme haya. Nisingeyaandika bila hivyo.

Hasira iliyokuja baadaye haikutoka kwenye panga. Ilitoka kwenye jarida. Siku tuliyomzika mama ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo hiyo toleo letu jipya lilipaswa kutoka. Makala zote zilikuwa tayari. Kilichobaki ni kitufe kimoja ambacho ni mimi tu niliyekuwa na ruhusa ya kukibonyeza. Ningeweza kukibonyeza Ijumaa nikiwa Voi. Ningeweza kungoja Jumatatu, na hakuna mtu duniani ambaye angekufa kwa kungoja. Lakini nilikuwa nimejijengea sifa ya kutochelewa hata siku moja, na mtu asiye na mengi hulinda kidogo alicho nacho.

Nyumbani wakati ule mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja kubwa nyuma ya nyumba. Mahubiri yalipoanza kurefuka nilipanda na kompyuta yangu kwapani, nimevaa suti. Nilibonyeza. Duara likazunguka. Nikasikia wimbo wa mwisho unaanza kule chini, nikajiambia una beti nyingi. Duara likazunguka. Toleo lilipotoka nilishuka mbio, nikakuta wanaume wameshika koleo na shimo limejaa hadi nusu.

Dada alikuwa amesimama kando, ngumi ya kushoto imefungwa. Watu walinieleza baadaye kwamba aliwasimamisha kadiri alivyoweza, na waliposhindwa kungoja zaidi, akachota udongo ambao ningepaswa kuutupa kaburini mimi, akaushika. Aliponiona alifungua mkono, udongo ukaanguka karibu na viatu vyangu. "Endelea na kazi yako," alisema. Hakupandisha sauti.

Baada ya hapo hakusema nami kwa miaka minne. Nilipiga simu ikaita hadi ikachoka. Nilikwenda mara moja, nikaambiwa yuko shambani, nikakaa hadi alasiri bila mtu kutoka shambani, nikarudi. Sikwenda tena. Mimi ni mtu wa sayansi, napokea ushahidi kila siku kutoka pande zote za dunia, na nilipopimwa shinikizo la damu likakutwa juu nilimwambia daktari kwamba labda ni chumvi. Moyoni nilijua ni hasira ya dada.

Sasa mkono ulikuwa mbele yangu kwenye skrini, na viganja vyake vilikuwa vimebadilika. Nilisoma ukurasa wa idhini. Alikuwa ametia sahihi kwamba wageni wa dunia nzima wauone ugonjwa wake. Mimi nilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka kwake na sikuambiwa kwamba anaumwa.

Nilifanya nililofundishwa kufanya, na kwa utaratibu wake. Kwanza niliwaandikia waandishi kwamba picha ya pili ina alama zinazoweza kumtambulisha mgonjwa, kwa hiyo waiondoe au waikate. Lilikuwa ombi la kawaida kabisa. Sikueleza kwamba mtu pekee wa kumtambua ni mimi. Kisha nikafungua ukurasa wa kujiondoa kwenye makala. Mfumo unauliza: una uhusiano na mwandishi, una uhusiano na mfadhili, una uhusiano na hospitali? Hakuna kisanduku cha mgonjwa. Aliyeutengeneza mfumo hakufikiria kwamba mhariri anaweza kuwa na dada. Nikaandika kwenye nafasi ya mengineyo: namfahamu mgonjwa. Nikamkabidhi naibu mhariri faili lote, nikabonyeza, na makala ikatoweka kwenye orodha yangu. Mfumo ukishakutoa, huoni tena kitu, si swali wala jibu. Niliutaka uwe hivyo tulipokuwa tunauweka.

Halafu nikakaa.

Hapa nitasema ukweli usionipendeza. Kuna sheria kwamba unachokisoma ndani ya faili hakitoki nje ya faili. Ni sheria nzuri. Niliigeuza kuwa blanketi. Nilijiambia kwamba nikienda Makwasinyi na kusema "nimesikia unaumwa", nitakuwa nimeivunja siri ya mgonjwa. Nilijiambia kwamba kama angetaka nijue, angenipigia. Nilijiambia hivyo asubuhi, nikajiambia tena nikinywa chai ya saa kumi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kufika na kuambiwa tena niendelee na kazi yangu. Kwa hiyo niliendelea nayo. Kwa wiki tisa nilisoma makala za watu juu ya saratani ya ini, ya damu, ya matiti, nikawakumbusha wahakiki waliochelewa, nikasahihisha marejeo, na kila siku niliangalia ile nafasi kwenye orodha ambapo makala ya dada ilikuwa imekaa kwa asubuhi moja.

Mwenye nyumba aliona kitu. "Baba, siku hizi mahamri wayarudisha," alisema. Nikamwambia tumbo.

Wiki ya tisa, siku ya Jumatano, nikapata nakala. Mfumo hunitumia nakala ya kila barua ya kukataa, kwa kuwa ina jina langu. Hata niwe nimejiondoa, nakala inakuja. Hakuna aliyewahi kufikiria kuirekebisha hiyo. Zilikuwa aya zangu tatu. Tunashukuru kwa kutuletea kazi hii. Ni ripoti iliyoandikwa kwa uangalifu, hata hivyo wahakiki wameona haina jambo jipya. Tunamtakia mwandishi heri kwingineko. Jina langu. Cheo changu.

Na chini yake, kama kawaida, mfumo ulibandika mawasiliano yote ya makala tangu mwanzo. Pale palikuwa na swali langu kuhusu picha, na jibu la daktari lililoandikwa siku ya pili tu baada ya swali.

"Tumemuuliza mgonjwa," daktari aliandika. "Amekataa picha iondolewe au ikatwe. Anasema mkono wa kushoto uonekane wote. Ameomba pia mhariri aelezwe kwamba jarida hili ni chaguo lake mwenyewe. Sisi tulitaka kupeleka kwingine. Yeye ndiye aliyetupatia jina la jarida, kutoka kwenye kalenda iliyo ukutani kwake."

Kalenda hiyo niliipeleka mimi. Mwaka mmoja bodi ya jarida ilichapisha kalenda za ukutani zenye jina lake, nikampa mama moja, naye akaitundika sebuleni juu ya redio, katika nyumba aliyokaa na dada. Mwaka ulipokwisha hakuitoa. Alisema ina jina la kazi ya mtoto wake.

Jibu lilikuwa limekaa wiki tisa nyuma ya mlango niliojifungia mwenyewe. Dada hakuwa amewaambia wageni akaniacha mimi. Alikataa kunipigia simu, kwa sababu ni mkaidi kuliko punda, lakini alinitumia mkono wake kwa njia pekee aliyojua kwamba lazima nitaifungua. Nami nikamwomba auondoe. Kisha nikamwandikia kwamba hauna jambo jipya.

Nililia, kwa sauti, hadi mwenye nyumba akaja mlangoni bila sahani.

"Dada yangu ni mgonjwa," nikamwambia. Lilikuwa jambo la kwanza la kweli nililowahi kumwambia.

"Wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Sasa wewe wafanya nini hapa, baba?"

Kesho yake asubuhi niliteremkia Maungu, pale malori ya Mombasa yanapoegeshwa na kina mama wanauza tikiti maji kando ya lami. Nilikodi pikipiki. Aliyeniendesha alikuwa mtu mzima wa kijiji jirani cha Rukanga aliyemjua dada. "Yule mama wa mkono," alisema. Barabara ni ndefu na ina mchanga, na mlima Kasigau unakaa mbele yako muda wote bila kusogea. Tulipita mavi ya ndovu mabichi, tulipita mahindi yaliyokanyagwa. Njiani nilitunga maneno. Nilikuwa na aya ya kwanza, aya ya pili na aya ya tatu, na nilipogundua hivyo nikayaacha.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba chini ya upenu, amevaa sweta katika joto lile. Sikutegemea apungue kiasi kile. Mke wa mwanawe, aliyekuwa akimtunza, alinipa kigoda akasogea pembeni. Kupitia mlango niliiona kalenda juu ya redio, mwaka wake umekwisha zamani.

"Umekuja na ile kompyuta?" dada aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake.

"Sijakuja nayo."

"Barua yako nilisomewa. Daktari alinipigia simu jana mchana akanisomea. Jina lako iko hapo chini."

Nilianza kueleza. Nilimwambia kwamba sikuamua mimi, kwamba nilijitoa, kwamba nikijitoa sioni kitu, kwamba barua hutumwa na mashine. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila kimoja kilikuwa kama nasimama tena juu ya lile jiwe.

"Lakini hiyo barua nani aliandika?" aliuliza.

"Mimi. Zamani."

"Nilijua. Daktari akisoma pale mwanzo, ati imeandikwa vizuri, ati kwa uangalifu, nikamwambia ngoja, huyo ndiye yeye. Tangu akiwa mdogo anasifu uji kwanza ndiyo aukatae." Akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi kirefu, na mke wa mwanawe akaja kumshika mgongo. Kilipokwisha alisema, "Kwa hivyo mimi sina jambo jipya."

"Dada, nisamehe."

"Siku ya mama nilikushikia mchanga mpaka mkono ikafa ganzi," alisema. "Nikasema huyu anakuja. Watu wananiambia mama, tufunike. Nikasema anakuja." Alitazama viganja vyake. "Nilikaa na hiyo hasira vizuri sana. Nililima nayo. Halafu hii ikanishika hapa kooni, nikafikiria labda ni yenyewe imepanda. Daktari akasema hapana. Lakini nikaona nikienda nayo itabaki kwako, na wewe uko peke yako huko Voi, hakuna wa kukuangalia."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikiogopa. Hakuogopa kufa. Aliogopa kufa kabla sijaja.

Akamwambia mke wa mwanawe alete kikombe cha maji. Mke wa mwanawe alinitazama, kwa sababu mgonjwa alikuwa hapitishi kitu kwa mdomo tena. Chakula chake kilikuwa uji mwepesi uliopita kwenye mpira tumboni.

"Si ya kunywa," dada alisema. "Kumeza nimeshindwa. Hii haina kumeza."

Alikipokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Nilishuka kwenye kigoda nikapiga magoti, kwa vile hakuweza kuinuka. Alijaza maji kinywani, akafumba macho, akayapuliza, na matone yakanipata usoni na kwenye shati. Yalikuwa machache na yenye uvuguvugu. "Kama nilikuwa na hasira na wewe, kwa siku ya mama, itoke," alisema. Akapumzika. Akajaza tena. "Na kwa hii barua, itoke. Ukae salama. Ulale. Hiyo kazi yako iende, na upate mtu wa kula naye." Mara ya tatu maji mengi yalimwagikia kidevuni, na hakuna aliyemfuta hadi alipomaliza.

Kisha akaninyooshea kikombe.

"Mimi sina hasira na wewe," nikasema.

"Unayo."

Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimekasirika tangu ile Jumanne, na nilikuwa nimeiita huzuni. Nilikasirika kwamba alinyamaza miaka minne. Nilikasirika kwamba nilimwona kwanza kama picha, juu ya kitambaa cha hospitali, miongoni mwa watu ambao hawajui jina lake. Nilikasirika kwamba ananiacha.

Nilijaza maji kinywani. Nilitaka kuyapuliza kama nilivyofundishwa uani pale pale, lakini nikaona mikono yake imelala mapajani, viganja juu, kama katika picha, na koo langu likafunga, kisha likafunguka lenyewe.

Dada aliliona koo langu likipanda na kushuka.

"Umemeza," alisema.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Jaza tena," alisema. "Bado niko."